Chumvi, Magadi na Munyu

Katika lugha yetu mtu aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi, na masimulizi yaliyopita mipaka ya ukweli husemwa kuwa yametiwa chumvi. Semi hizi mbili zakuonyesha, msomaji, jinsi kitu hiki kilivyoshika mahali pake katika maisha yetu. Wazee wetu hawakupima umri kwa asali wala kwa nyama. Waliupima kwa chumvi. Lakini mwulize mpishi hodari chumvi ni nini hasa, na imetofautianaje na magadi yaliyo katika kopo la pili au sukari iliyo katika la tatu, na huenda asikujibu kwa maneno bali akakuonjesha tu. Jibu hilo si baya. Ulimi ulikuwa maabara ya kwanza ya wanadamu, na mengi utakayoyasoma hapa yalijulikana kwa ulimi karne nyingi kabla ya kuandikwa katika vitabu vya kemia.

Twaa visahani vitatu. Katika cha kwanza tia chumvi, katika cha pili magadi yaliyosagwa, katika cha tatu sukari. Kwa macho vyaweza kukudanganya, maana vyote ni chembechembe zenye weupe. Sasa kamulia ndimu juu ya kila kimoja. Chumvi italowana na kunyamaza. Sukari nayo itanyamaza. Lakini magadi yatachemka baridi, yatoe povu na sauti ndogo kama ya mtu anayesema "sss" kwa mtoto. Povu hilo ni hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani ya magadi, nayo imefukuzwa na ukali wa ndimu. Chumvi haina hewa ya namna hiyo ndani yake. Imeundwa kwa vitu viwili tu, sodiamu na klorini, vilivyoshikamana kwa nguvu hata moto wa jikoni hauwezi kuviyeyusha. Chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifikie digrii 801. Sukari haina ustahimilivu huo. Ipashe moto katika sufuria kavu, na ifikapo digrii 160 au 170 hivi utaiona inageuka rangi, kwanza ya dhahabu, kisha ya hudhurungi, na mwisho inakuwa makaa machungu.

Hata katika maji tabia zao ni mbalimbali. Lita moja ya maji baridi humeza gramu 360 hivi za chumvi, kisha hukataa. Yachemshe maji hayo nayo yataongeza gramu chache tu, yafike 390 au karibu na hapo. Sukari ni kinyume. Maji yaliyo katika joto la kawaida humeza kilo mbili katika lita moja, na yakichemka humeza zaidi ya maradufu ya hizo. Ndiyo sababu mpishi wa halua au wa kashata hana budi kufanya kazi yake motoni, hali mwenye kutengeneza chumvi hupata mali yake kwa kuyaondoa maji, si kwa kuyapoza.

Wanakemia wa Ulaya walikawia kuvitenganisha vitu hivi. Kwa muda mrefu walilichukulia gadi litokalo katika ardhi na gadi litokalo katika majivu ya miti kuwa ni kitu kimoja. Mwaka 1736 Mfaransa Duhamel du Monceau alithibitisha kwamba asili iliyo ndani ya chumvi ya kula ni ile ile iliyo katika magadi ya ardhi, nayo si ile iliyo katika majivu. Na mwaka 1807 Mwingereza Humphry Davy alipitisha nguvu za umeme katika vitu hivyo akatoa madini mawili laini yasiyowahi kuonekana, potasiamu na sodiamu. Jina la potasiamu limetoka katika maneno ya Ulaya yenye maana ya majivu ya chunguni, na jina hilo lafaa sana kukumbukwa na msomaji wa Kenya, kwa kuwa majivu ya chunguni hayakuwa mageni kwetu hata kidogo.

Nenda magharibi ya Kenya, katika nchi ya Waluhya, utaona jambo hilo kwa macho. Mabua ya maharage, au maganda ya ndizi yaliyokaushwa, huchomwa mpaka yawe majivu. Majivu hayo hutiwa katika chombo kilichotobolewa chini, maji yakamiminwa juu yake taratibu, na kinachodondoka chini ni maji ya rangi ya chai hafifu, yenye utelezi kati ya vidole. Huo ndio munyu. Hutiwa katika kunde, katika mrenda na katika mboga nyingine za majani, nazo hulainika na kupata ladha ambayo aliyezaliwa nayo haisahau. Ndani yake mna potasiamu nyingi kuliko sodiamu, kwa sababu mimea ya bara hukusanya potasiamu mwilini mwake. Kwa hiyo munyu si chumvi katika maana ya kemia, lakini katika historia ya chakula ni ndugu yake mkubwa.

Litazame hilo neno lenyewe. Mshairi wa Lamu au wa Mombasa asemapo munyu amekusudia chumvi. Mrundi na Mnyarwanda husema umunyu, na Mshona wa Zimbabwe, aliye mbali kabisa kusini, husema munyu. Neno moja lisingeenea katika nchi zilizo mbali namna hiyo kama lisingekuwa la kale sana. Watu wa jamii ya Kibantu walisafiri nalo tangu zamani zisizokuwa na maandishi, pamoja na majembe yao na mbegu zao. Hatuna haja ya kubuni hadithi ya shujaa aliyegundua chumvi. Lugha imekwisha kutuambia kwamba walioingia katika nchi hizi waliingia nayo, angalau kwa jina na kwa haja.

Haja yenyewe ni kubwa. Alaye nyama na maziwa kwa wingi hupata sodiamu ndani ya chakula chake, lakini alaye wimbi, mtama, viazi na ndizi hupata kidogo mno, na mwenye kulima juani huipoteza kwa jasho. Kwa hiyo wakulima waliokaa mbali na bahari walikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: waitengeneze kwa majivu, au wainunue kwa wale waliojaliwa chemchemi.

Chemchemi mashuhuri kuliko nyingi ni zile za Uvinza, magharibi ya Tanzania, katika njia iendayo Ujiji. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba huko mwaka 1967 walikuta vigae na mabaki ya kazi ya kuchemsha maji ya chumvi ya tangu kiasi cha karne ya 5 au ya 6. Maana yake ni kwamba kabla ya Kilwa kuwa mji wenye fahari, watu walikuwa wamekwisha kupanga meko Uvinza na kuchemsha. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilipitia hapo. Burton na Speke walipita mwaka 1858. Watu walitoka nchi za mbali wakati wa kiangazi kuja kuchemsha, na watemi wa Uvinza walitoza sehemu yao kwa kila aliyechemsha. Palikuwa na bidhaa tatu ambazo hazikukataliwa njiani: jembe, kitambaa na mzigo wa chumvi.

Kibiro, chini ya ukingo wa Ziwa Albert katika nchi ya Bunyoro, pana ufundi wa kustaajabisha zaidi, nami naona haujasifiwa inavyostahili. Hapo ardhi ina unyevu wa chumvi utokao katika chemchemi za moto. Wanawake wa Kibiro hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi hiyo, jua likaunyonya unyevu kutoka chini kwenda juu, na maji yanaporuka kwa joto chumvi hubaki katika udongo. Kisha hukwangua udongo huo, wakautia katika chombo chenye matundu, wakaumiminia maji, na maji yaliyodondoka wakayachemsha mpaka chumvi ikabaki peke yake. Udongo uliokwisha kuoshwa hautupwi. Hurudishwa shambani ukatandazwa tena. Viwanja hivyo vya chumvi ni mali ya wanawake nao hurithiwa na wanawake. Kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 700, na shamba halikuchoka. Mwalimu wa fizikia afundishapo jinsi maji yapandavyo katika vitundu vyembamba, na jinsi mvuke unavyoacha chumvi nyuma, hana haja ya kutafuta mfano katika maabara ya kigeni.

Na penye mali pana vita. Kusini ya Kibiro, karibu na Ziwa Edward, kuna ziwa dogo la Katwe lililo katika shimo la volkeno, ambalo chumvi yake hukatwa kama mawe. Omukama Kabalega wa Bunyoro alikuwa ameitia Katwe mkononi mwake, na biashara ya chumvi ilimsaidia kupata bunduki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alipofika upande huo kwa ajili ya Kampuni ya Kiingereza, mojawapo ya mambo aliyoyafanya ilikuwa kujenga boma hapo Katwe na kumrudisha Kasagama katika ufalme wa Toro. Alijua alichokishika. Kumnyang'anya mfalme chumvi ni kumnyang'anya hazina, walinzi na rafiki kwa siku moja. Vita viliendelea miaka mingine mingi, mpaka Kabalega alipokamatwa mwaka 1899 na kuhamishiwa visiwa vya Shelisheli.

Usidhani kwamba jambo hili lilikuwa la Afrika peke yake. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, alivuka jangwa la Sahara mwaka 1352 akafika Taghaza, kijiji ambacho nyumba zake na msikiti wake vilijengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Hapakuwa na miti. Aliyekaa ndani ya nyumba ya chumvi alingoja tende na nafaka ziletwe na wageni. Ufaransa nako ilikuwa na kodi ya chumvi iliyochukiwa kuliko kodi zote. Mapinduzi yaliifuta mwaka 1790, na Napoleon akairudisha mwaka 1806, kwa kuwa mtawala mwenye vita hakosi kukumbuka kitu ambacho kila mtu hununua. Na tarehe 12 Machi 1930 Gandhi alitoka Sabarmati kwa miguu, akatembea kilomita 385 hivi mpaka ufuo wa Dandi, na tarehe 6 Aprili akainama kuokota chumvi ambayo sheria ya Waingereza ilimkataza kuitwaa.

Kwetu pwani chumvi haikuhitaji safari namna hiyo. Lita moja ya maji ya bahari ina kiasi cha gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na katika hizo chumvi ya kula ni gramu 27 hivi. Kaskazini ya Malindi, upande wa Gongoni na Ngomeni, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yenye kina kifupi, jua na upepo vikafanya kazi. Kinachoanguka kwanza chini si chumvi. Ni chokaa na jasi. Maji yakipungua mpaka sehemu moja katika kumi ya yale ya mwanzo, ndipo chumvi inapoanza kutulia. Na hapo fundi hana budi kuwa macho, maana akiyaacha maji yakauke kabisa, magnesiamu nayo itaganda na kuitia chumvi uchungu. Maji ya mwisho huondolewa. Magnesiamu hiyo hiyo, ikibaki kidogo, ndiyo huifanya chumvi ya nyumba za pwani kuloa na kushikamana katika kopo wakati wa masika, kwa sababu huvuta unyevu wa hewani. Hata chumvi safi huloa hewa ikizidi kujaa maji, lakini ile yenye magnesiamu hutangulia.

Tabia hii ya kuvuta maji ndiyo iliyowalisha wasafiri wa baharini. Mpake samaki chumvi, na maji yaliyo mwilini mwake yatatoka kuifuata. Vijidudu vya uozo vikimwendea vitanyonywa maji vilevile, vife au vishindwe kuzaana. Hivyo ndivyo walivyopatikana ng'onda na papa wakavu walioletwa na majahazi toka pande za Arabuni na pwani ya Somali hata Mombasa na Unguja, wakasafirishwa mpaka bara bila kuharibika. Sukari hufanya kazi ile ile katika matunda yaliyopikwa na kuwekwa chupani. Katika jambo hili ulimi hukudanganya: vitu viwili visivyofanana kabisa kwa ladha vyalinda chakula kwa njia moja.

Magadi hayalindi kitu. Kazi yake ni kulegeza. Ukiyatia katika maharage, yanavunja ile gundi iliyounganisha ganda na nyama ya punje, na sufuria ya saa tatu huiva kabla ya muda huo, na kuni hubaki. Katika mboga za majani huzuia ile rangi ya kijani isigeuke kuwa ya majani makavu, maana rangi hiyo huharibiwa na ukali, nayo magadi hushinda ukali. Lakini hutoza bei yake. Vitamini B1 na vitamini C huharibika upesi mahali penye magadi, kwa hiyo sahani ya kijani kibichi iliyolegea vizuri yaweza kuwa imepoteza faida ambayo mlaji aliitarajia. Nionavyo mimi, mpishi atiaye kipande kidogo ili kupunguza kuni ana haki yake. Atiaye konzi ili kupendeza macho amefanya biashara ya hasara.

Chimbuko kubwa la magadi nchini mwetu ni lile ziwa lenye jina hilo katika Kajiado, chini ya Bonde la Ufa. Chemchemi za moto huleta magadi yaliyoyeyuka, jua kali hukausha, na tabaka nene jeupe na la waridi limefunika sehemu kubwa ya ziwa. Wamasai waliyajua tangu zamani. Mwaka 1911 kampuni iliundwa ili kuyachimba, na kufikia mwaka 1915 reli ilikuwa imejengwa kutoka Konza mpaka ziwani. Reli haikujengwa kwa ajili ya maharage. Magadi yaliyochomwa ndiyo malighafi ya kioo, na Ulaya ilikuwa na njaa ya magadi tangu zamani. Katika mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya kulinda ugunduzi wake wa kugeuza chumvi ya kula kuwa magadi kwa kutumia asidi, chokaa na makaa. Mapinduzi yalimnyang'anya kiwanda chake, naye akajiua mwaka 1806 akiwa maskini, hali wengine walitajirika kwa njia aliyoibuni. Kile alichokitoa kwa moto na moshi mwingi, chini ya Bonde la Ufa huchotwa kwa majembe.

Hamira yastahili maneno machache, kwa kuwa wengi huichanganya na soda ya kupikia. Soda ni mtoto wa magadi: ina hewa iliyofungwa, na ukali au moto huifungua mara moja. Hamira ni kitu chenye uhai. Pasteur alithibitisha katika miaka ya baada ya 1857 kwamba ni viumbe vidogo vilavyo sukari na kutoa hewa. Ndiyo sababu unga wa mahamri huachwa uumuke mahali penye joto, na ndiyo sababu chumvi ikizidi unga hukawia kuumuka, kwa maana huvinyima viumbe hivyo maji.

Nimebakiza jambo ambalo lilivikutanisha vitu hivi kwa namna ambayo hakuna mpishi aliyeitazamia. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wasio na idadi walimiminika katika Bengali ya Magharibi, na katika kambi ya Bangaon kipindupindu kikawaingia. Mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kukaukiwa; maji na chumvi humtoka kwa wingi kuliko awezavyo kunywa. Dawa iliyojulikana ilikuwa maji ya chumvi yatiwayo katika mshipa kwa sindano, na maji hayo yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliona wagonjwa wamelala sakafuni katika matapishi yao, na hao waliokuwa wakifa walifika kiasi cha 30 katika kila 100.

Kumnywesha mgonjwa maji ya chumvi matupu hakusaidii. Utumbo ulioshikwa na ugonjwa hauyapokei. Lakini wachunguzi walikuwa wamekwisha kutambua katika miaka ya 1960 kwamba katika ukuta wa utumbo mna malango ambayo sodiamu na sukari hupita pamoja, na mlango huo haufungwi na kipindupindu. Sukari huiongoza chumvi, na chumvi huyaongoza maji. Mahalanabis na wenzake wakapima katika kila lita ya maji gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za soda ya kupikia, hiyo ya mwisho kwa kuwa mgonjwa hupoteza kinga yake dhidi ya ukali wa damu. Waliyachanganya katika mapipa, na ndugu za wagonjwa wakawanywesha kikombe baada ya kikombe. Vifo vikashuka chini ya 4 katika kila 100. Madaktari wengi wa wakati ule hawakusadiki, wakaona ni jambo lisilowezekana kwamba mama asiyesoma aweze kufanya kwa kikombe kazi ya sindano.

Leo pakiti za dawa hiyo ziko katika zahanati zetu, zikiwa zimeongezwa potasiamu, ile ya majivu ya chunguni. Na pakiti ikikosekana, kipimo cha nyumbani ni vijiko vidogo 6 vya sukari, visawazishwe juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, katika lita moja ya maji safi. Sukari ikizidi huvuta maji utumboni na kuzidisha kuhara. Chumvi ikizidi ni hatari kubwa zaidi kwa mtoto mchanga, maana huyavuta maji kutoka katika chembe za mwili wake, kama ivutavyo katika papa aliyetandazwa juani.